Unalala na mito mingapi?

 

Kuna swali moja ninaloliuliza kila siku kwenye chumba cha kupokelea wagonjwa, na mara nyingi linachekesha watu. Ninauliza: "Unalala na mito mingapi?" Papa mmoja alinijibu: "Dokta, muto mimi nilivuka moja tu, Rusizi. Kulala na mito, hapana!" Tulicheka sisi wote mpaka waliokuwa wamekaa kwenye benchi nje. Mimi si dokta, ni muuguzi, muforoma kama tunavyoitwa hapa, lakini nimechoka kukataa jina hilo. Mwingine aliniambia hana hata mto mmoja, anakunja nguo zake ndani ya mfuko wa mchele na kulalia hapo.

Lakini swali lenyewe si la mchezo. Mtu ambaye moyo wake umeanza kushindwa kusukuma damu, akilala chali damu inarundikana kwenye mapafu na maji yanajaa humo. Pumzi inamkatika. Basi bila hata kufikiri anaanza kuinua kichwa. Leo mto mmoja, baada ya miezi mito miwili, halafu analala ameegemea ukuta, na mwishoni analala ameketi kwenye kiti. Watu wa nyumbani wanaona kwamba amebadilisha mahali pa kulala, ila hakuna anayefikiri ni ugonjwa.

Mwezi huu nataka tuongee juu ya swali hili na ndugu zake, yaani maswali yale ambayo muuguzi anauliza na mambo anayotazama akitafuta ugonjwa wa vali za moyo. Nina sababu yangu. Miaka kadhaa iliyopita kuna mama mmoja sikumwuliza, na nusura afe.

Alikuwa na miaka 26, mimba ya miezi 6, ya pili. Alikuwa anauza ndagala sokoni, beseni kichwani, kutoka asubuhi. Alikuja kwetu anakohoa. Alisema: "Dada, niko nachoka mbio, na usiku kifua kinalia kama paka." Nilimsikiliza mapafu, nikasikia mlio kweli, nikaona ni pumu. Siku hiyo tulikuwa na wagonjwa wengi sana. Nikampa dawa ya pumu ya kuvuta, nikamwambia kuchoka ni kwa sababu ya mimba, apunguze kazi. Sikumshika mguu. Sikumwuliza analala vipi. Maandishi yangu kwenye fishi yake yalikuwa mistari miwili.

Alirudi nyumbani. Baada ya wiki mbili miguu ikavimba, tumbo likakaza upande wa kuume, makohozi yakawa na damu kidogo. Majirani wakasema ni karuho, amepewa sumu na wenzake wa sokoni juu ya wivu. Jamaa ikauza radio na pagne mbili, wakamlipa mtu wa kumtapisha. Alitapika siku tatu. Nyinyi mnajua vizuri, kwetu Kivu mtu kijana akivimba na kukonda pamoja, neno la kwanza linalotoka mdomoni ni karuho.

Ni mwenzangu aliyemwokoa, muuguzi mkubwa kwa umri kuliko mimi. Walimleta usiku. Yeye kabla ya kugusa kitu alimtazama tu mlangoni: mama amekaa, ameinama mbele, mikono kwenye magoti, hawezi kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi. Akamwuliza mume wake: "Huyu analala vipi?" Mume akasema: "Ni mwezi halali. Anakaa kwenye kiti mpaka asubuhi." Halafu akauliza swali la pili, ambalo mimi wakati ule hata nisingelifikiria: "Mama, ulipokuwa mtoto, magoti yaliwahi kukuvimba?" Na yule mama, kwa pumzi kidogo aliyokuwa nayo, akasema ndiyo. Kule Fizi, akiwa na miaka 9 hivi, goti lilivimba, likapona, kikavimba kifundo cha mguu, halafu kiwiko. Bibi yake alimkanda na majani. Ikaisha, wakasahau.

Alitumwa hospitali kubwa hapa Bujumbura usiku uleule. Ekografi ya moyo ilionyesha vali ya mitrali, ile iliyo upande wa kushoto, imekakamaa na kushikana, imebaki tundu dogo. Walimpa dawa ya kukojoza maji na dawa ya kupunguza mbio za moyo. Akajifungua kabla ya wakati, mtoto mdogo lakini mzima. Sasa mtoto huyo anakimbia uwanjani.

Sasa vali ni nini? Moyo una vyumba vinne na vali nne. Vali ni kama mlango mwepesi unaofunguka upande mmoja tu. Damu inapita, mlango unajifunga nyuma yake ili isirudi. Zaidi ya mara 100,000 kwa siku. Mlango unaweza kuharibika kwa namna mbili: unakaza na haufunguki vizuri, au unalegea na haujifungi, damu inarudi nyuma. Mara nyingine yote mawili kwenye vali moja. Moyo unajikaza kufanya kazi zaidi, miaka na miaka, mtu haoni kitu. Ndiyo sababu ugonjwa huu unadanganya. Siku unayoanza kuhema, mlango ulishaharibika zamani.

Katika nchi za matajiri, vali zinaharibika zaidi kwa wazee, kwa sababu ya kuchakaa. Kwetu ni kwa watoto na vijana, na mwanzo wake ni kitu kidogo cha aibu: koo. Kuna kijidudu kinaitwa streptokoki kinachoshika koo la mtoto, hasa kati ya miaka 5 na 15. Mtoto anaumwa koo, homa, anameza kwa taabu. Siku chache inaisha. Lakini kwa watoto wengine, wiki mbili au tatu baadaye, askari wa mwili waliokuwa wanapigana na kijidudu wanakosea adui, wanashambulia mwili wenyewe: viungo, ubongo, ngozi, na moyo. Hiyo ndiyo homa ya rumatizimu, wengine wanaita baridi yabisi. Haitoki kwa baridi wala kwa kuoga usiku. Viungo vinapona kabisa. Vali haiponi hivyo. Kila koo jingine la namna hiyo linaloamsha homa ile, linaongeza kovu juu ya kovu.

Na kijidudu hiki kinapenda watu waliobanana. Watoto sita kwenye mkeka mmoja, wanakohoana usoni usiku mzima. Sihitaji kuwaeleza, mnaijua nyumba hiyo. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba watu kama milioni 55 duniani wana ugonjwa wa moyo unaotokana na homa hiyo, na kila mwaka unaua kama watu 360,000. Wengi wao ni maskini, na ni vijana.

Hapa niseme jambo ambalo litawaudhi bibi zetu wengine, wanisamehe. Mtoto akiumwa koo, msimpeleke kukatwa kilimi. Nimeona watoto waliokatwa kilimi kwa wembe, wametoka damu, wamepata tetanasi, na koo lenyewe halikutibiwa. Kilimi hakina kosa lolote. Koo lenye usaha linataka penisilini, shindano moja au dawa za kumeza kwa siku zote 10 mlizoambiwa, hata kama mtoto ameshaanza kucheza siku ya tatu. Si kila koo linaloumwa ni la streptokoki. Mengi ni mafua tu, yana kamasi na kukohoa, na hayo hayahitaji penisilini. Mwacheni muuguzi atazame.

Kuna jambo jingine la umri. Tangu mwaka 2006 serikali ya Burundi iliamua kutibu bure watoto walio chini ya miaka 5 na kina mama wanaojifungua. Ni jambo jema sana, limeokoa wengi. Lakini homa hii inaanza pale pale bure inapoishia. Mtoto wa miaka 7 anaumwa koo, mama anahesabu faranga, anasema itapita. Na kweli inapita, ndiyo shida yake.

Turudi kwenye chumba chetu. Mnapokuja na kuona muuguzi anakaa anawatazama tu, msifikiri amesinzia. Kazi inaanza mnapoingia mlangoni. Mtu ametembea kutoka barabarani mpaka kwenye benchi, je, anahema? Amesimama njiani? Midomo ina rangi gani? Kwa mtoto ninahesabu pumzi dakika nzima kwa saa, na ninafanya hivyo kabla hajajua ninamhesabu, maana akijua anazuia pumzi au analia na hesabu inaharibika. Ndiyo sababu ninawaambia kina mama mtoto abaki mapajani na nguo ya juu ifunguliwe taratibu.

Halafu maswali. Sitauliza "Unachoka?" Mkimbizi gani hachoki? Nitauliza kwa kulinganisha. Mwaka jana ulikuwa unabeba bido la lita 20 kutoka robine mpaka nyumbani bila kulitua. Na sasa? Ukitua mara tatu, nitaandika mara tatu. Wenzako wa umri wako wanatua? Kama wewe peke yako unaachwa nyuma wakati wa kwenda kutafuta kuni au kwenda sokoni, hilo ni jibu kubwa. Kijana anayependa mpira na ameacha kucheza bila sababu, anasema hapendi tena, huyo namwuliza polepole. Wanaume wanaficha hili. Afadhali aseme hapendi mpira kuliko kusema pumzi haitoshi.

Nitauliza usiku kunakuwaje. Kuna watu wanaolala vizuri saa mbili, halafu wanaamka ghafla wanahema kama waliokuwa wanazama, wanakimbilia dirisha. Wengine wanasema wamekabwa na pepo au wameota vita. Ndoto za vita tunazo kweli, wengi wetu, na mtu anaweza kuamka na moyo unadunda kwa sababu hiyo. Tofauti ninayoitafuta ni hii: anayeota vita, akikaa kitandani hofu ndiyo inayomsumbua. Mwenye maji kwenye mapafu, akiketi au kusimama pumzi ndiyo inayorudi taratibu. Mara nyingine mtu ana yote mawili, basi mwambieni muuguzi yote mawili.

Nitauliza moyo unapigaje. Watu wetu wanaeleza vizuri sana, kuliko vitabu: "Unaruka kama chura", "Unasimama kidogo halafu unapiga ngumi", "Unakimbia wenyewe nikiwa nimekaa". Halafu nitashika mkono wako, pale chini ya kidole gumba, na kuhesabu. Ninatafuta mbio, na zaidi ninatafuta mpangilio. Mapigo yasiyo na mpangilio kabisa, moja kubwa, mawili madogo, kimya, jingine, yanaweza kuwa alama kwamba vyumba vya juu vya moyo vimetanuka na vinatetemeka tu badala ya kukaza. Hapo damu inaweza kuganda ndani na kupanda ubongoni. Kijana wa miaka 30 akipooza upande mmoja ghafla, msikimbilie kusema amerogwa. Akimbizwe hospitali, na moyo wake upimwe.

Nitauliza kama umewahi kuzimia ukiwa unafanya kazi au unapanda kilima. Nitauliza makohozi. Nitauliza nguo na viatu, kama vimeanza kubana jioni. Halafu nitabonyeza kidole changu kwenye mfupa wa mbele wa mguu wako, nibonyeze kabisa, nihesabu kidogo, niondoe. Kikibaki kishimo, ni maji. Hili hata nyumbani mnaweza kulifanya. Mizani pia inasema ukweli: mtu anayeongezeka kilo mbili au tatu ndani ya siku chache, na hali hata kidogo, hajanenepa. Ni maji.

Nikikulaza, nitakuinua kichwa na mabega kidogo na kutazama mshipa wa shingo. Msione haya. Nitaweka kiganja kwenye kifua upande wa kushoto, maana vali iliyoharibika sana mara nyingine inatetemesha kifua, unasikia kwa mkono kama paka anayenguruma. Halafu kile chombo cha masikioni. Moyo mzima unasema maneno mawili, lub-dub, na katikati kimya. Vali mbovu inaweka sauti katikati, kama upepo unaopita chini ya mlango. Nitakugeuza ulale ubavu wa kushoto, maana sauti ya mitrali iliyokaza ni ndogo na inajificha. Nitahitaji kimya. Tafadhali, simu zizimwe, na shangazi aliyekusindikiza asinihadithie mambo mengine dakika hiyo moja!

Nikisikia sauti, sina haki ya kukuambia una ugonjwa wa vali. Mtoto mwenye homa anaweza kuwa na sauti. Mama mwenye upungufu wa damu pia, na kambini upungufu wa damu ni mwingi. Na nisiposikia kitu, bado haimaanishi huna ugonjwa. Kazi yangu ni kuunganisha: sauti, pumzi, miguu, usingizi, historia ya magoti, halafu kukutuma kwa daktari na kwenye ekografi. Ekografi ya moyo haina maumivu, haichomi, ni kama ile ya mimba, wanapaka kitu cha utelezi na kupitisha chombo kifuani.

Sasa watoto, maana kwao tunaweza bado kuwahi. Swali la magoti nililowaambia ni la dhahabu. Maumivu ya homa ya rumatizimu yanahama. Leo goti la kuume limevimba, lina moto, mtoto hataki hata shuka liguse. Keshokutwa goti limepona, kifundo cha mguu ndicho kimevimba. Wazazi wanasema mtoto anadanganya ili asiende shule, kwa sababu jana alionyesha hapa na leo anaonyesha pale. Kuhama huko ndiko dalili yenyewe.

Na kuna jambo ambalo walimu wetu wanapaswa kulijua. Mtoto, mara nyingi msichana, aliyekuwa anaandika vizuri, ghafla mwandiko wake unakuwa kama wa mtoto wa miaka 4. Anaangusha kikombe. Mikono na mabega vinacheza-cheza bila yeye kutaka, anakunja uso, anatoa ulimi, analia bila sababu. Akilala, vyote vinatulia. Mwalimu anampiga kwa utundu, jamaa inampeleka kuombewa pepo. Kumbe ni homa ileile imegusa ubongo, na inaweza kuja miezi kadhaa baada ya koo, wakati hakuna anayekumbuka tena. Kuomba si vibaya, ombeni, lakini njoo na mtoto kwetu siku hiyohiyo. Mchezo huo wa mikono utaisha wenyewe. Moyo ndio unaotaka kulindwa.

Unalindwa vipi? Kwa shindano. Penisilini ile ya muda mrefu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Extencilline, kila wiki 4, na kwa wengine kila wiki 3. Haiponyi vali, inazuia koo jingine lisije kuongeza kovu. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda. Walichukua watoto kama 800 ambao ekografi ilionyesha mwanzo mdogo wa ugonjwa, watoto wasiojua hata kama wanaumwa. Nusu walichomwa shindano kila wiki 4, nusu hawakuchomwa. Baada ya miaka miwili, kwa wasiochomwa ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa watoto 33. Kwa waliochomwa, watoto 3 tu. Mimi nikisoma hesabu hiyo nawaza watoto wale 33 kuliko wale 3.

Ninajua shindano hilo linauma. Linauma kweli, dawa yake ni nzito. Ninajua pia mtoto akiona mlango wetu anaanza kulia kabla hatujamgusa. Na si mwaka mmoja: ni mpaka afike miaka 21 au zaidi, na ambaye vali imeshaharibika sana anaweza kuambiwa aendelee mpaka miaka 40. Mzazi mmoja aliniuliza, "Mutoto haumwi, anakula, anacheza. Namuchomesha shindano ya nini?" Nilimjibu kwamba ndiyo namna tunavyotaka abaki. Mtoto ale na anywe maji kabla ya kuja, alale kitandani tukimchoma, na abaki na sisi kidogo baadaye. Aliyewahi kuvimba au kuwashwa mwili kwa penisilini aseme kabla. Na ambaye vali yake imeharibika vibaya, anahema au amevimba miguu, aseme pia, maana daktari anaweza kuchagua dawa ya kumeza badala ya shindano.

Adui mkubwa wa shindano hili kwetu sisi wakimbizi ni safari. Mtoto alianza Uvira, akachomwa miezi 5, vita vikaja, wakavuka, karata ikabaki nyumbani. Amefika hapa, hakuna anayejua. Mama anafikiri aliyemtibu atapiga simu. Hakuna atakayepiga simu. Mkihamishwa kutoka mjini kwenda kambini, au kutoka kambi moja kwenda nyingine, au jina lenu limetoka kwenda ng'ambo, fishi ya mtoto itembee pamoja na karatasi za HCR, ndani ya mfuko uleule wa plastiki. Kama una simu yenye kamera, piga picha. Kama huna fishi, kumbuka maneno matatu tu na uyaseme siku ya kwanza mahali papya: moyo, penisilini, kila wiki 4.

Kina mama na wasichana, neno lenu. Mimba inaongeza damu mwilini karibu nusu zaidi. Moyo wenye mlango mzima unaweza. Wenye mlango uliokaza, uliokuwa kimya miaka 15, unalalamika hapo, kuanzia mwezi wa 5 hivi, au wakati wa kujifungua, au siku za kwanza baada ya kujifungua. Ndiyo sababu mkija kwenye kipimo cha mimba tunauliza usingizi na pumzi. Mimba inachosha, ndiyo, na miguu kuvimba kidogo jioni ni kawaida. Kuhema ukiwa umelala, kuamka usiku unatafuta hewa, kukohoa damu, hayo si ya mimba. Anayejua kwamba ana ugonjwa wa vali, aongee na daktari kabla ya kushika mimba, hasa kama anakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda, maana baadhi ya dawa hizo zinaweza kumharibu mtoto tumboni. Na asiziache mwenyewe bila kuuliza, hilo pia ni hatari.

Juu ya upasuaji, nitasema kwa ufupi ili nisiwape matumaini ya uongo. Vali inaweza kutengenezwa au kubadilishwa. Katika eneo letu kazi hiyo inafanyika Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na Kampala kwenye taasisi ya moyo iliyoko Mulago. Ni gharama kubwa na ni safari, na kwa mkimbizi rufaa ya namna hiyo inapita kwenye maamuzi ya watu wengi. Yule mama wa ndagala bado anasubiri. Anakunywa dawa zake, anapunguza chumvi, hauzi tena kwa kubeba, anauza amekaa. Vali iliyobadilishwa nayo inataka dawa na vipimo maisha yote. Shindano la wiki 4 ni faranga kidogo sana ukilinganisha.

Siku ipi usingoje asubuhi? Mtu akihema akiwa amekaa, akishindwa kumaliza sentensi, akitoa makohozi yenye povu au damu, akizimia, midomo ikibadilika rangi, mkono mmoja ukikosa nguvu ghafla. Na mwenye vali mbovu akipata homa isiyoisha wiki moja, hata kama malaria imepimwa haipo, arudi na aseme "mimi nina vali". Vijidudu vinaweza kukaa juu ya vali yenyewe, na mara nyingi vinatokea kwenye meno yaliyooza.

Msomaji mmoja wa Kavumu alituandikia akiuliza kama anaweza kumpa mke wake tangawizi na kitunguu saumu kwa ajili ya moyo. Ndugu, mpe kwenye mboga, ni vitamu. Lakini kwanza niambie jambo ambalo hukuandika katika barua yako: usiku analala vipi?

Mwezi ujao tutaongea juu ya meno ya watoto, kwa sababu niliyoitaja hapo juu. Leteni maswali yenu kwa maandishi au kwa mdomo, siku za kazi, kabla ya saa sita za mchana.